Honda CG125 ya zamani: spea za matoleo ya baadaye zinaingiliana mpaka wapi?

kipande_cha_tanga

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu nyie mnaocheza na vyuma vya zamani. Nina Honda CG125 ya zile za mwanzo mwanzo, kiki tupu, gia 4, volti 6, ina pointi. Mjomba alikuwa anaiendea kazini enzi hizo akiwa bwana shamba kule Lushoto, alipostaafu ikaingia kwenye banda la mbuzi na humo ndo ilikolala mpaka juzi nilipoitoa. Fremu nzima, haina kutu ya kutoboa, tangi lina kutu ndani ila nje liko poa, injini inazunguka lakini bloku limechoka, pistoni inacheza hadi unaisikia kwa mkono.

Nataka niijenge kafe resa, siti fupi, usukani wa chini, ile taa ya mviringo ibaki. Siitaki iwe ya maonyesho, nataka niwe naipanda wikiendi Tanga hadi Pangani na kurudi bila kusukuma.

Sasa kila fundi na lake. Mmoja kaniambia CG ni CG tu, hizi toyo zote za kichina ni kopi ya hiyo hiyo, nenda dukani chukua spea yoyote itaingia. Mwingine kaniambia usithubutu, ya mjapani ni ya mjapani, tafuta orijino au iache. Mimi niko katikati sielewi. Nilichokuwa nafikiria ni bloku na pistoni ya 150 ili ipate nguvu kidogo, umeme wote uwe volti 12 wa CDI (kile kidude cha elektroniki cha kurusha moto wa plagi badala ya pointi) maana taa ya sasa hivi ni kama kibatari, halafu mbele niweke shokapu na rimu ya diski kutoka toleo jipya. Na kama inawezekana gia 5. Je hivi vinaingia bila kukata kata? Picha nitaweka nikipata bando.

FundiMagneti

Karibu mkuu, umepata chuma. Fundi wako wa kwanza hajakosea, ila kakupa jibu la haraka la mtu mwenye foleni ya bodaboda nje ya gereji.

CG ilianza 1976 na mwaka huo huo ndo Honda walianza kuiunda Brazil, kiwanda cha Manaus, kwahiyo hata "orijino" yenyewe ina matawi, kuna ya Japani, kuna ya Brazil, na Pakistani walikuja kuiunda miaka mingi sana kwa umbo lile lile. Wachina nao wakaikopi. Mpango wake tangu mwanzo ulikuwa ni pikipiki ya mtu asiyekumbuka sevisi, ndo maana wakaacha cheni ya taiming ya juu iliyokuwepo kwenye CB125 wakaweka pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu kutokea chini), kamshafti iko chini inazungushwa kwa gia moja kwa moja na krenki, ina pembe moja tu inayoinua valvu zote mbili. Na cheni ya nyuma wakaifunika yote isile vumbi. Mambo hayo hayajabadilika kwenye kopi nyingi, kwahiyo ukitazama kwa mbali unasema zote sawa.

Tatizo linaanza unapochukua kipande kimoja kimoja. CG inataka spea ziende kwa ukoo. Umeme ni ukoo mmoja, bloku na hedi ukoo mwingine, gia ukoo wake, mbele kote ukoo wake. Ukihamisha ukoo mzima kutoka toleo moja kwenda jingine mara nyingi unafanikiwa, ukichanganya nusu kwa nusu ndo unaanza kuona maajabu, pikipiki inawaka leo kesho haiwaki.

Nianze na umeme maana ndo kilio chako cha kweli. Hiyo yako ya volti 6 taa ya mbele inakula umeme moja kwa moja kwenye koili za magneti, ukipunguza mafuta nayo inafifia, ndo ilivyoumbwa sio mbovu. Kuhamia volti 12 unahitaji magneti yenyewe, sahani ya koili, pulsa (kidude kinachoiambia CDI saa ya kurusha moto), CDI, koili ya plagi, na rektifaya yenye kudhibiti volti, vyote vya toleo MOJA. Usije ukabakiza magneti ya zamani ukaweka koili mpya, sumaku na kile kinundu cha nje kinachoamsha pulsa ndo vinavyopanga moto uruke saa ngapi. Kinundu kikikaa siko, taiming inahama na hakuna mahali pa kurekebisha kama ilivyokuwa kwenye pointi.

Uliza pia CDI unayopewa ni ya AC au ya DC. Ya AC inapata umeme wake kwenye koili maalum ya magneti, betri ikifa unapiga kiki unaondoka. Ya DC inategemea betri. Kwa pikipiki ya wikiendi inayokaa siku nyingi bila kuwashwa mimi ningechukua AC bila kufikiria mara mbili. Kwa macho zinafanana, plagi za waya zinaweza hata kuingiliana, lakini ukiweka ya DC kwenye waya za AC utahangaika kutafuta moto usio na mwenyewe.

Kabla hujalipia magneti mpya fanya hivi. Toa ya zamani kwa pula yake, usigonge na nyundo pembeni kama nnavyoonaga watu wanafanya, unapindisha krenki. Safisha ile koni ya krenki kwa petroli ikauke. Chukua maka peni, paka wino mwembamba kuzunguka koni yote, ingiza magneti mpya bila nati, isukume kwa kiganja, izungushe kidogo tu kulia kushoto, halafu itoe. Angalia wino umefutika wapi. Ukifutika eneo kubwa na sawasawa hiyo imekaa. Ukifutika mstari mwembamba mbele tu au nyuma tu, koni hazilingani, hiyo magneti ukiifunga itakata ufunguo wa nusu mwezi ukiwa barabarani. Ni dakika chache hizo na muuzaji akikukatalia kujaribu dukani basi nenda duka la pili.

Halafu usisahau balbu zote, honi, kifaa cha indiketa na betri, vyote vinakuwa vya 12. Ukisahau balbu ya nyuma tu inaungua usiku wa kwanza.

Dogo Spana

Mkuu mbona unajipa tabu, chukua injini nzima ya kichina 200 ile ya pushirodi, matundu ya kufungia ni yale yale, unafunga bolti unawasha. Gia 5 umepata, stata ya kubonyeza umepata, volti 12 umepata, nguvu umepata. Hela ya kutafuta spea za mjapani moja moja unanunua injini mpya kwenye boksi na chenji inabaki.

Mama Plagi

Dogo Spana umesema ukweli nusu 😀

Injini ya kichina ya CG inasoma jina lake ubavuni, mkuu wa Tanga ukienda dukani soma hiyo usisome stika ya tangi. Ikiandikwa 156FMI ni silinda moja, pistoni ya 56 na ushee, hiyo ni 125. 162FMJ ni pistoni ya 62, hiyo ni 150. 163FML ni pistoni ya 63.5, hiyo 200. Sasa tazama mwendo wa pistoni: 125 na 150 zote mwendo wake ni milimita 49.5, wamepanua tundu tu. Lakini 200 mwendo ni 62.2, yaani bloku lake ni refu zaidi, injini inapanda juu. Kwenye fremu ya CG ya zamani hapo hedi inaanza kusogelea bomba la fremu na tangi, na ukitaka kurekebisha tepeti (ule uwazi wa valvu) itabidi ushushe injini au utoe tangi kila mara. Matundu ya kufungia yanaweza kulingana kweli, na injini bado ikakugomea.

Ukitaka kubadili injini nzima mimi ningeshauri 156FMI au 162FMJ. Na hapo napo pima shafti ya sproketi ya mbele, kuna za milimita 17 na kuna za 20, sproketi ya moja haiingii kwa nyingine, watu wanarudi dukani wanamtukana muuzaji bure. Ukishafunga weka rula ndefu iliyonyooka ikae bapa kwenye uso wa sproketi ya nyuma, ifike mbele, uone kama za mbele na nyuma ziko mstari mmoja. Zikipishana hata milimita chache cheni inakula meno upande mmoja na inaruka.

Ila swali langu kwa mwenye mali: si ulisema ni ya mjomba? Ukitoa injini yake imebaki nini, si fremu na tangi tu. Mimi ningeifufua hiyo hiyo.

Kingine, kuna watu watakuambia spea za Boxer zinaingia. Hazihusiani kabisa. Boxer ina cheni ya taiming na kamshafti juu kwenye hedi, hii ya kwako ni pushirodi.

kipande_cha_tanga

Asanteni sana wakuu, FundiMagneti hiyo ya maka peni nimeielewa sana. Mama Plagi umenigusa, kweli mjomba yupo hai na kila akinipigia anauliza injini imewaka? Basi injini inabaki. Ila bado bloku limeisha, hilo la 62 linakaa kwenye kesi ya 125 au haliingii?

Mama Plagi

Kwa hesabu tu tuangalie. Pistoni ya 56.5 kwa mwendo wa 49.5 inakupa sisi 124. Ukiweka 62 kwa mwendo ule ule unapata sisi 149. Kwenye karatasi tamu.

Lakini bloku lina sketi, ule mdomo wa chini wa slivu unaoingia ndani ya kesi. Tundu likiwa pana zaidi kwa milimita 5 na nusu, slivu nayo inapanuka, na mdomo wa kesi ya 125 haukuchongwa kwa ajili ya hiyo. Chukua vernia, kile kipimo cha milimita, pima sketi ya bloku jipya kwa nje, pima mdomo wa kesi kwa ndani. Sketi ikiwa nene kuliko mdomo, usiguse nyundo wala usikubali mtu akuambie inaingia ikipakwa grisi. Kupanua mdomo wa kesi kunawezekana kwa fundi mchongaji mwenye mashine nzuri, ila injini yote inapasuliwa, krenki inatoka, chembe za alumini zinaoshwa kila kona, na ukikosea hiyo kesi ya mjapani ndo basi tena.

La pili ambalo watu hawahesabu: mgandamizo. CG hii inagandamiza kama 9 kwa 1. Chumba cha moto kwenye hedi ya 125 kinabaki na kama sisi 15 na nusu pistoni ikiwa juu kabisa. Ukipandisha silinda mpaka 149 ukaacha hedi ile ile na pistoni ya kichwa kile kile, mgandamizo unakwenda karibu 10.6 kwa 1. Kwa petroli zetu za mtaani na jua la Tanga, mlimani inaanza kugonga, inachemka, na hizo ringi mpya ulizoweka zinaisha kabla ya wakati. Kwahiyo ukichukua bloku la 150 unachukua na hedi yake, na pistoni yake, na pushirodi zake, maana urefu wa pushirodi unafuata urefu wa bloku na hedi. Pushirodi fupi kidogo au ndefu kidogo na skrubu ya tepeti inakwisha nafasi ya kurekebisha.

Kwa pikipiki ya kwenda Pangani mimi ningechonga bloku hilo hilo. Lipeleke wapime limeisha kiasi gani, unaweka pistoni ya ovasaizi, yaani pana kidogo kuliko ya mwanzo, zipo za kuzidi milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Pistoni nunua kwanza, bloku lichongwe kwa kufuata pistoni uliyoishika mkononi. Ukipeleka bloku likachongwa halafu ndo unaenda kutafuta pistoni umejitafutia safari. Na umwambie mchongaji ahoni mwishoni zile nyuzi za msalaba zionekane, ukuta ukiwa unang'aa kama kioo ringi hazikai.

Tepeti ukimaliza weka milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi, alama ya T imekaa kwenye mstari na valvu zote zimefunga.

Mswahili254

Mambo wadau, mimi niko Nakuru, nimesoma hapa kimya kimya nikaona niongeze kitu ambacho hakuna amekisema. Namba za spea za Honda.

Honda huandika namba ya spea kwa mafungu matatu, tarakimu tano, kisha tatu, kisha za mwisho. Hizo tano za kwanza ni kitu chenyewe ni nini, 13101 ni pistoni, 12100 ni bloku, 16100 ni kabureta, na hiyo haibadiliki uwe na pikipiki gani ya Honda. Fungu la kati ndilo lenye utamu, ndio msimbo wa pikipiki ambayo hiyo spea ilitengenezewa mara ya kwanza. CG125 za mwanzo msimbo wao ni 383. Sasa mtu akikuletea spea ya toleo la baadaye, tafuta katalogi ya sehemu za hilo toleo, ziko nyingi mtandaoni na hazilipishwi kuangalia, ukiona kwenye pikipiki ya baadaye bado wanatumia kitu chenye 383 katikati, hapo unajua Honda wenyewe hawakubadilisha, chukua bila wasiwasi. Ukiona fungu la kati limegeuka, walibadilisha kitu, inaweza kuwa kidogo sana kama skrubu moja lakini kuna kitu, kwa hivyo unapima. Fungu la mwisho mara nyingi ni marekebisho au rangi.

Hii inakuokoa kubishana na muuzaji. Mimi nikienda Kirinyaga Road pale Nairobi nabeba karatasi yangu imeandikwa namba, wananiangalia kama mkaguzi wa ushuru lakini wananiletea kitu sawa.

Gia 5: achana nayo bana. Gia, shafti zake mbili, zile foki za kubadilishia na ile ngoma yenye mifereji, vyote vimepangwa pamoja na kesi yake. Hauwezi kuongeza gia moja kwenye sanduku la nne. Na stata ya kubonyeza vilevile, kesi yako ya kiki haina mahali pa kufungia mota wala ile klachi ya stata. Ukitaka spidi kidogo barabara kubwa ongeza jino moja sproketi ya mbele, ama upunguze mawili nyuma, utasikia injini imetulia. Utapoteza kidogo kwa mlima.

Dogo Spana

Hiyo ya 383 sikuwahi kuijua aisee. Wazee mna siri.

Mimi nabaki na langu lakini, kijana wa kisasa anataka kubonyeza.

kipande_cha_tanga

Mswahili254 asante sana kaka, leo jioni nimekaa na katalogi mpaka simu imezima. Kabureta, pleti za klachi na vitu vingine vidogo vidogo nimeona 383 inaendelea kuonekana kwenye za baadaye, nimefarijika.

Gia 5 nimeiacha. Bloku tunachonga. Umeme tunahama wote. Bado mbele, naomba mnijuze shokapu na diski, na pia kuhusu kadi, kwenye kadi ya usajili injini namba ni ile ile iliyopo lakini chesisi namba na injini namba hazifanani hata kidogo, kuna jirani ameniambia hiyo maana yake injini ilibadilishwa zamani kimyakimya. Nikose usingizi?

FundiMagneti

Lala mkuu. Honda namba ya fremu na namba ya injini hazikuwa zinafanana tangu kiwandani, zilikuwa zinatembea kila moja na mfululizo wake. Kitu cha kuangalia ni hicho ulichosema, kama zilizopo kwenye chuma ndo zilizopo kwenye kadi. Zikilingana umemaliza. Ukija siku moja ukabadili kesi au injini nzima, hapo unaenda TRA kubadilisha taarifa za kadi KABLA hujaanza kutamba nayo barabarani, beba risiti ya injini. Na mwambie fundi wa rangi asipige msasa wala puti juu ya namba za chesisi pale shingoni, azibe kwa tepu. Namba ikififia polisi akikusimamisha hakuna hadithi ya mjomba itakayokusaidia, watajua imefutwa.

Diski sasa. Usinunue shokapu peke yake. Mbele kote ni ukoo mmoja: miguu miwili ya shokapu, vile vibao viwili vya juu na chini vinavyoishika, shafti ya usukani, rimu na ekseli yake, kaliper na masta. Ukichukua miguu minene ya toleo jipya haiingii kwenye vibao vya zamani, ukichonga vibao unavidhoofisha, na hapo ni mahali ambapo kikikatika hakuna breki itakayokuokoa. Chukua mbele nzima kutoka pikipiki moja, hata kama ni ya mtumba, afadhali mtumba kamili kuliko mpya ya vipande.

Kisha kazi inabaki shingoni kwenye fremu. Pima vitu vitatu, urefu wa shingo kutoka bakuli la juu hadi la chini, kipenyo cha ndani cha shingo, na unene wa shafti pale beringi inapokaa. CG za zamani zina golori za kumwaga kwenye bakuli, ukifungua uweke kitambaa chini zisikimbie uvunguni, na usizichanganye na mpya, zikiwa zimeacha vidimbwi kwenye bakuli badilisha zote na bakuli zake. Shafti ikiwa ndefu kidogo inachongewa washa, ikiwa fupi achana na hiyo mbele tafuta nyingine, usiunge shafti ya usukani kwa kuchomelea. Sitanii kwenye hilo.

Rimu nayo, hizi za kichina za CG nyingi ni inchi 18, mbele 2.75-18, nyuma 3.00-18, pikipiki inakaa vizuri. Ukichukua mbele ya Boxer hiyo ni inchi 17, mbele inalala, na kwa usukani wa chini uliosema itakuwa nyepesi mno mkononi kwenye vumbi.

Mama Plagi

Nikupe wazo la kivivu? Acha diski. Breki ya ngoma ya mbele ikichongwa, ngoma iwe duara kweli maana nyingi zimekuwa yai, ukaweka viatu vipya na kebo mpya, pikipiki ya kilo chache namna hii yenye nguvu ya 125 inasimama vizuri tu. Kafe resa ya zamani yenye ngoma ya mbele iliyong'arishwa spoki kwa spoki inapendeza kuliko hizo diski za kila bodaboda. Hela ya diski peleka kwenye bloku na tairi.

Alafu mkuu naona kama utashawishika kutoa boksi la filta uweke ile filta ya wazi ya koni nyuma ya kabureta, maana kila kafe resa ya picha inayo. Fikiria barabara ya Pangani kiangazi. Honda walilijenga lile boksi kwa ajili ya vumbi, na ukilitoa hewa inazidi, mafuta yanakuwa machache, plagi inakuwa nyeupe, injini inachemka, halafu utaanza kubadilisha jeti usiku na mchana. Boksi likae, lifiche na vifuniko vya ubavuni, ukate kipande cha siti nyuma hicho hapo. Na ukikata fremu ya nyuma, kata nyuma ya pale shokapu za nyuma zinapofungwa, uchomelee bomba la kuunganisha pande mbili, usikate mbele ya hapo hata kama kwenye picha ya mtandao imekatwa.

Mswahili254

Naunga mkono mama hapo kwa filta. Na skrubu za kava ya injini kabla hujaanza, hizo za mjapani kichwa chake cha nyota kina pembe tofauti na bisibisi za kawaida za duka, utakwangua zote ukishangaa mbona laini hivi. Tafuta bisibisi yenye alama ya JIS au tumia ile ya kugonga na nyundo, moja inatosha maisha yote. Ukishafungua kava ya kulia, kwenye ncha ya krenki kuna kile kikombe cha kuchujia oili kwa kuzunguka, CG haina filta ya oili ya karatasi, uchafu wote wa miaka ya mjomba wako umekaa humo kama lami. Kifungue ukikwangue na kijiti, osha, gasketi mpya. Watu wanapanga injini mpya juu ya hiyo lami kisha wanashangaa krenki imekufa mapema. Oili ni lita moja tu, badilisha mapema safari za kwanza baada ya kuchonga.

kipande_cha_tanga

Basi ngoma inabaki, mama umenishinda. Bajeti ya diski imehamia kwenye magneti na tairi 😀

Kesho nabeba bloku naenda kupima. Nimepiga simu duka moja, pistoni ya ovasaizi 0.50 wanayo, wanasema jenuini, nitaitazama kwanza. Katika kusafisha leo nimetoa cheni kava, vipande vyote viwili vipo, cha chini kimebonyea kidogo. Kwa kafe resa naona kinaharibu sura, cheni ya wazi inapendeza zaidi. Au kina kazi gani sana?

FundiMagneti

Cheni iliyofunikwa kwenye vumbi letu inadumu mara kadhaa ya cheni ya wazi, huo ndo ukweli, lakini hii ni pikipiki yako ya wikiendi utaipaka oili mwenyewe, toa kama roho inakutuma. Hakikisha tu unabakiza bati dogo la juu, suruali isije ikamezwa.

Dogo Spana

Cheni kava nzima ya mjapani?? Mkuu kama huitaki niuzie mimi, niko Muheza hapo nakuja kuichukua na daladala. Nina ya kichina inavuja pande zote.

kipande_cha_tanga

Wewe si ulisema ninunue injini ya boksi niachane na mambo ya mjapani? Njoo Jumamosi tuongee bei, na uje na vernia kama unayo.